Kiti, Kanga na Insha: Mintarafu ya Kuwasomesha Wageni Tarehe ya Ubunifu

Mwaka 1955 Shirika la Utangazaji la Uingereza lilimpa mwanahistoria wa sanaa Nikolaus Pevsner heshima ya kutoa mihadhara yake ya kila mwaka, iitwayo Mihadhara ya Reith, naye akachagua kuwaeleza Waingereza, kwa lugha yao na katika redio yao, ni kitu gani kiifanyacho sanaa yao kuwa ya Kiingereza. Msemaji huyo hakuwa Mwingereza wa kuzaliwa. Alizaliwa Leipzig mwaka 1902, akasomesha katika Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1933, amri za utawala wa Hitler zilipomwachisha kazi kwa sababu ya nasaba yake ya Kiyahudi, alivuka bahari akaingia Uingereza, akafanya uchunguzi wa bidhaa za viwandani mjini Birmingham, kisha mwaka 1936 akatoa kitabu cha Pioneers of the Modern Movement, ambacho hata wasomi wanaokipinga hulazimika kuanza nacho. Tarehe ya ubunifu basi, kwa upande wa Kiingereza, iliwekewa msingi na mtu aliyeandika kwa lugha ya pili. Na yafaa jambo hilo likae mbele ya macho kabla hatujayasikiliza malalamiko yanayozagaa katika vyuo vya sanaa vya London na kwingineko, kwamba vijana watokao China, Korea, nchi za Kiarabu au Afrika hawawezi kuisoma taaluma hii sawasawa kwa kuwa Kiingereza chao ni haba.

Malalamiko hayo si uongo mtupu. Mwanafunzi asiyeelewa nusu ya mhadhara hana atakachoandika, na mwalimu mwenye insha arobaini mezani hana wasaa wa kukisia kila sentensi ilikusudia nini. Lakini desturi iliyoenea ya kuyatibu maradhi hayo imekuwa ni kumgawa mwanafunzi mafungu mawili: asubuhi huketi mbele ya mwalimu wa tarehe, ambaye humsimulia habari za mbunifu Mwingereza William Morris, za shule ya ubunifu ya Bauhaus ya Ujerumani na za plastiki, wala hashughuliki na maneno yake, jioni hupelekwa kwa mwalimu wa lugha, ambaye humsahihishia sarufi kwa mifano ya hali ya hewa na msongamano wa magari, wala hana habari ya kile kilichofundishwa asubuhi. Nionavyo mimi, mgawanyo huo una madhara makubwa kuliko uchache wa msamiati, maana katika elimu hii kuona, kupima na kusema ni tendo moja, na mtu asiyefundishwa namna ya kukitolea hoja kitu alichokiona hajafundishwa bado tarehe yenyewe.

Ni vema tujue kwanza insha iliingiaje katika vyuo hivyo, kwani haikuzaliwa humo. Serikali ya Uingereza ilipofungua Shule ya Ubunifu katika jengo la Somerset House, London, mwaka 1837, kusudi lake lilikuwa la kibiashara, yaani kuzipa bidhaa za viwanda vyake sura itakayoshindana na bidhaa za Ufaransa, na kilichofundishwa kilikuwa ni kuchora. Zaidi ya karne moja ikapita kabla ya mambo kugeuka. Mwaka 1960 baraza lililoongozwa na mchoraji William Coldstream lilitoa ripoti iliyotaka stashahada mpya ya sanaa na ubunifu ipewe daraja inayolingana na shahada ya chuo kikuu, na ili stahiki hiyo ithibitike likashurutisha kwamba yapata asilimia 15 ya muda wa masomo itolewe kwa tarehe ya sanaa na masomo ya nyongeza, tena yatahiniwe. Vijana wa Kiingereza wenyewe hawakulipokea sharti hilo kwa bashasha. Na mwezi Mei 1968, wanafunzi wa chuo cha sanaa cha Hornsey, kaskazini ya London, walipoyakalia majengo ya chuo chao, miongoni mwa mambo waliyoyapinga ni ule mtindo wa kumpima msanii kwa vyeti vya mitihani ya darasani. Insha ya kitaaluma, kwa maneno mengine, ilikuwa mgeni katika karakana kabla mwanafunzi wa ng'ambo hajashuka melini, na anayemlaumu Mkorea kwa kusitasita mbele ya ukurasa mweupe asisahau kwamba babu za Mwingereza walisitasita vivyo hivyo.

Kutokana na mvutano huo ndipo taaluma yetu ilipojitenga na mama yake, tarehe ya sanaa. Walimu waliotumwa kuwasimulia wabunifu wa birika na vitambaa habari za mchoraji Raphael waliona kwamba wasikilizaji wao hawafaidiki, wakaanza kufundisha tarehe ya birika na vitambaa vyenyewe: nani alivibuni, vilitengenezwa kwa mashine gani, nani aliviuza, nani alivitumia na kwa nini. Chama cha Tarehe ya Ubunifu kikaundwa mwaka 1977, na jarida lake likaanza kutoka mwaka 1988.

Katika miaka hiyo hiyo mwanafunzi wa kigeni naye alibadilika sura machoni pa vyuo. Ada ya wageni ilianza kutofautishwa na ya wenyeji mwaka 1967, na kuanzia mwaka wa masomo wa 1980 serikali ikaamuru wageni walipe gharama yote pasipo ruzuku, jambo lililomfanya mgeni kuwa chemchemi ya mapato. Na kwa kuwa mapato hayakataliwi bila sababu, ikahitajika ithibati ya haraka kwamba anayelipa anaweza kusoma. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ulioanza kwa jina hilo mwaka 1989, hutoa alama hadi 9 katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Sina ugomvi na mtihani huo kwa kadiri ya kazi uliyokusudiwa. Katika sehemu ya kuandika mtahiniwa hupewa saa moja kuandika habari mbili, ya kwanza maneno yasiyopungua 150 na ya pili yasiyopungua 250, hii ya pili ikiwa juu ya jambo ambalo mtu yeyote aweza kuwa na rai nalo. Huko chuoni ataombwa maneno elfu kadhaa juu ya jambo ambalo rai haitoshi, bali lazima dalili. Kosa si la mtihani, ni la wasajili wanaoichukulia alama ya 6 au 7 kana kwamba ni hati ya kumaliza, hali ni kibali cha kuanza tu. Sisi tuliosomeshwa miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari tukakabidhiwa baiolojia na jiografia kwa Kiingereza, hatuhitaji kuelezwa sana tofauti iliyopo baina ya kuijua lugha na kuweza kufikiri ndani yake.

Tukichukue kitu kimoja tukiweke mezani, tuone kazi hiyo hufanywaje. Kiti nambari 14 cha Michael Thonet, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1859 katika kiwanda cha Koryčany huko Moravia, kimeenea katika mikahawa ya dunia nzima, na bila shaka msomaji amepata kukikalia au kukalia mwigo wake. Kina vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili, basi. Ukikitazama kwa nyuma utaona kwamba miguu ya nyuma na upinde wa mgongo si vitu vitatu vilivyogundishwa bali ni ufito mmoja mrefu uliopandishwa, ukakunjwa, ukateremshwa, na ndani yake umetiwa upinde mwingine mdogo. Chini ya kikalio kuna duara linaloifunga miguu isitawanyike. Hakuna nakshi. Ukipitisha kidole kwenye mkunjo hutakuta kiungo wala ufa, na hapo ndipo swali huzuka lenyewe: mti mgumu umekunjwaje bila kupasuka? Jibu ni kwamba fito zilifukizwa kwa mvuke hata zikalainika, zikafungwa utepe wa chuma upande wa nje, kwa kuwa upande huo ndio uwezao kuvutika na kupasuka, kisha zikapindwa katika kalibu na kuachwa zikauke. Na kwa kuwa kazi ya namna hiyo haikuhitaji seremala mwenye ufundi wa miaka mingi, kiwanda kiliweza kujengwa palipo na msitu na vibarua badala ya palipo na mafundi. Na kwa kuwa kiti kiliungwa kwa skrubu tu, viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika kasha la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa, vikaunganishwa huko vilikofika.

Sasa na tuhesabu ni aina ngapi za usemi zilizohitajika kwa maelezo hayo mafupi. Kwanza ni usemi wa kuvieleza viungo, yaani kueleza umbo kwa mpangilio ambao asiyekiona kitu ataweza kukichora. Pili ni usemi wa mfuatano wa kazi, ambapo mtendaji hutoweka na tendo likabaki. Tatu ni usemi wa sababu na matokeo, unaotuvusha kutoka kwenye mvuke hadi kwenye bei. Nne, nao ndio mgumu kuliko yote, ni usemi wa kukisia kwa kiasi. Mwanafunzi akiandika kwamba Thonet aliondoa nakshi kwa sababu aliupenda urahisi, amevuka mpaka wa dalili zake, maana hatujui alichokipenda. Akiandika kwamba huenda ukosefu wa nakshi ulitokana na namna ya utengenezaji zaidi kuliko nadharia yoyote ya uzuri, amesema jambo linaloweza kutetewa, na hiyo “huenda” yake ina thamani kubwa kuliko kurasa mbili za sifa. Mwaka 1982 msomi wa Kimarekani Jules Prown alipendekeza kwamba anayechunguza kitu apitie ngazi tatu, yaani kukieleza, kisha kubaini yale yanayotokana na kukishika na kukitumia, kisha ndipo akisie maana yake. Na mwalimu wa lugha yeyote atakayeziangalia ngazi hizo atatambua mara moja kwamba ni ngazi zake pia, kwani kila moja ina nyakati zake za vitenzi, viunganishi vyake na kadiri yake ya uhakika. Kumfundisha mgeni usemi wa kukisia ni kumfundisha uadilifu wa mwanahistoria, na hilo halifundishiki kwa mifano ya msongamano wa magari.

Wala rai hii si mpya. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, walimu wa lugha Tim Johns na Tony Dudley-Evans waliandika mwaka 1980 habari za jaribio lao la kufundisha pamoja na walimu wa masomo yenyewe, wakiwahudumia wanafunzi wa ng'ambo waliosomea uchukuzi na baiolojia ya mimea: mhadhara ulirekodiwa, kisha wanafunzi, mwalimu wa lugha na mwalimu wa somo wakakaa chumba kimoja wakaurudia, wakichunguza kilichoeleweka na kisichoeleweka. Faida moja ambayo haikuwa imekusudiwa ni kwamba mwalimu wa somo naye alijisikia mwenyewe, akagundua mahali alipotumia misemo ya mitaani au alipoacha hoja njiani. John Swales, ambaye kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya aina za maandishi ya kitaaluma ndicho kinachoshikwa zaidi na walimu wa Kiingereza cha vyuoni, alikuwa amefundisha Libya na Khartoum kabla ya kupata umaarufu Marekani. Sehemu kubwa ya maarifa ambayo London huwauzia wageni leo ilipatikana mbele ya madarasa ya Waarabu na Waafrika. Na mwaka 1998 wasomi Mary Lea na Brian Street walikwenda mbali zaidi, wakasema kwamba tatizo la maandishi ya wanafunzi, wenyeji na wageni sawia, halimo katika tahajia wala katika kuzoea adabu za chuo tu, bali limo katika swali la nani mwenye mamlaka ya kuamua lipi ni elimu na lipi si elimu.

Kinyume cha hao nawaweka wale walioona raha katika michoro ya mwanaisimu Robert Kaplan, ambaye mwaka 1966 alidai kuwa fikira za Mwingereza huenda mstari mnyoofu na za watu wa Mashariki huzunguka kama konokono. Kaplan mwenyewe aliilegeza kauli hiyo baadaye, lakini imebaki katika vinywa vya walimu waliochoka, nayo huwapa udhuru wa kumwona mwanafunzi kuwa ana ubongo uliopinda pale ambapo hajaonyeshwa tu hoja inatakiwa ianzie wapi.

Swali la mamlaka latufikisha kwenye mtaala wenyewe. Njia aliyoichora Pevsner ilitoka kwa Morris ikafika kwa Walter Gropius, mwanzilishi wa Bauhaus, na ingawa imepanuliwa mno tangu hapo, hata mwanahistoria Victor Margolin akatoa mwaka 2015 majalada mawili makubwa ya tarehe ya ubunifu wa dunia nzima, mihadhara mingi ya mwaka wa kwanza bado husafiri baina ya London, Weimar na New York, ikitoka nje mara mojamoja kama atembeleaye shamba. Mgeni anyamazapo katika semina ya namna hiyo, huhesabiwa kuwa amekosa Kiingereza. Aghalabu amekosa mahali pa kusimama. Mathalan, somo lifikapo kwenye viti vya Denmark, ambavyo husifiwa kwa wepesi na utulivu wa mistari yake, mwalimu aweza kuonyesha kiti alichokibuni Hans Wegner mwaka 1944 na kukitaja kuwa kilele cha ubunifu wa Skandinavia, hali msichana wa Suzhou, China, aliyekaa nyuma anaona mbele yake kiti cha zama za utawala wa Ming, chenye mgongo uliopinda ukawa mikono, ambacho Wegner alikichukua kwa makusudi na kukiita kwa jina la China. Akiulizwa katika lugha ya kukieleza kitu ambayo amekwisha kuzoeshwa, ana mengi ya kusema juu ya kilichobaki na kilichobadilika. Asipoulizwa, ataandika insha ya kurudia sifa alizozisikia.

Afrika Mashariki tulipata kulijadili jambo hili la mtaala mapema. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, aliona bora wanafunzi wasijazwe mifano ya Ulaya, akawa akiwasimulia visa wavichore. Cecil Todd, aliyemfuata mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona kwamba kuwanyima tarehe ya sanaa ya Ulaya ni kuwanyima elimu waliyonayo wenzao, akaifundisha. Mimi naelekea kwa Todd, kwa sababu ujinga haujapata kumlinda mtu na kutawaliwa. Lakini Todd naye angekuwa sahihi zaidi kama tarehe hiyo isingekuwa ndiyo ya pekee yenye cheo. Wala elimu hiyo haikumteka mchoraji Sam Ntiro, Mchaga kutoka Machame, ambaye alipitia kwa Trowell, akaenda kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, katika miaka ya 1950, na hata alipokwisha kukaa miaka katika shule hiyo aliendelea kuchora migomba, mavuno na sherehe za Kilimanjaro kwa namna yake. Picha yake mojawapo, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilichukuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York, na Tanganyika ilipopata uhuru yeye ndiye aliyerudi London akiwa Balozi.

Lakini yako madhara upande wa pili, nayo hayatajwi vya kutosha. Walimu wenye nia njema, wakiisha kutambua kwamba mtaala umewasahau wengine, humgeuza kila mgeni kuwa mjumbe wa taifa lake: Mchina aeleze Ming, Mwarabu aeleze khati, Mswahili aeleze nakshi za milango ya Lamu. Huenda kijana wa Lamu amekuja London kwa sababu anapenda herufi za vibao vya treni ya chini ya ardhi alizozibuni Edward Johnston mwaka 1916, na milango aliiacha nyumbani kwa baba yake. Haki yake ya kusoma habari za Johnston ni sawa na ya mtu aliyezaliwa jirani na stesheni. Katika vile vikao vya kuhakiki kazi, ambapo mwanafunzi husimama mbele ya michoro yake na wenzake wakaisema, mjumbe huyo wa lazima hupata taabu maradufu, maana huulizwa juu ya utamaduni wake wakati yeye angetaka kuulizwa juu ya nafasi baina ya herufi.

Kitu kinachofaa zaidi kwa darasa la mchanganyiko, kwa hiyo, ni kile ambacho hakuna awezaye kukimiliki peke yake, na sijaona kilicho bora kuliko kanga. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Huuzwa doti, vipande viwili. Jina lilianza kuonekana mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha za Kilatini, na sifa ya kulitia hupewa mara nyingi mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, ambaye alama yake ya “Mali ya Abdulla” ingali inajulikana. Michoro ilitoka mikononi mwa wachoraji wa Uholanzi, Manchester, Bombay na Japani, wengi wao pasipo kupata kuiona pwani yetu. Oda na maneno vilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Hukumu ilitoka kwa wanawake wa Unguja na Mombasa, ambao kwa kukataa tu mzigo dukani waliweza kuufuta mtindo mzima. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilianza kazi Dar es Salaam kwa msaada wa China. Muulize mwanafunzi ni nani mbunifu wa kanga, kisha umwachie kalamu. Mhindi, Mholanzi, Mjapani, Mchina na Mswahili wote watakuwa na fungu la jibu, na hakuna mmoja atakayeweza kulimaliza bila kusoma alichokiandika mwenzake.

Gharama ndiyo kikwazo. Kuwaketisha walimu wawili katika chumba kimoja ni kulipa mishahara miwili kwa saa moja, na vyuo ambavyo huwapokea wageni kwa ajili ya ada hupata tabu kuirudisha ada hiyo darasani. Palipo na mwalimu mmoja tu, kazi inayoweza kufanywa bila fedha ni ya kibandiko cha makumbusho. Katika jumba la Victoria and Albert maelezo ya kitu kimoja huandikwa kwa maneno yapatayo 60, na mwanafunzi anayetakiwa kuandika kibandiko cha kanga kwa kiasi hicho, mara moja kwa Kiingereza kwa ajili ya wapitao South Kensington, liliko jumba hilo, mara ya pili kwa Kiswahili kwa ajili ya wapitao Ngome ya Mombasa, hawezi kuutafsiri tu ule wa kwanza. Msomaji wa London lazima aambiwe pindo ni nini na kwa nini vipande ni viwili, na hapo maneno 20 yamekwisha kwenda. Msomaji wa Mombasa akiambiwa hayo atacheka. Yeye aambiwe nguo hii ilipigwa chapa mji gani, mwaka gani, kwa mashine ya namna gani, na oda yake iliandikwa na nani.